SOMO: Paka mgeni hali, kajificha uvunguni. Fanya hivi

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika hili kwa sababu nimechoka kujibu kitu kilekile, leo napigiwa simu na mtu wa Chuno, kesho anaibuka wa Mikindani, keshokutwa wa Lindi mjini, na wote wimbo mmoja, "dada nimechukua paka, tangu juzi hajala, kajikunyata tu uvunguni, nifanyeje". Naliweka lote hapa, ukikwama rudi usome.

Kwanza mshike hili. Paka mgeni asipokula sio jeuri na wala hajakuchukia, anaogopa. Paka amezoea mahali kuliko anavyozoea mtu, umemtoa kwao, harufu zote zimebadilika, sauti ngeni, hajui adui atatokea wapi, na paka mwenye hofu hawezi kuinamisha kichwa kwenye sahani. Mpunguzie hofu, kula kutafuata.

HATUA YA 1: Msafirishe kwenye tenga la kuku lenye mfuniko, chini tandika kanga kuukuu, juu funika. Usimtie kwenye kiroba, jua la huku na bodaboda atakufa joto njiani.

HATUA YA 2: Muulize anayekupa, anakula nini na anajisaidia wapi. Omba na kitambaa alichokuwa analalia. USIKIFUE.

HATUA YA 3: Chumba kimoja tu, sio nyumba nzima. Nyumba zetu nyingi hazina dari, kati ya ukuta na bati kuna upenyo, paka mwoga anapanda kabati, anashika boriti, huyo kaenda, kwa hiyo chagua chumba chenye dari au ziba upenyo kabla hajafika. Weka boksi ulilolilaza ubavu lenye kile kitambaa ndani apate pa kujificha. Ndiyo, mwache ajifiche, paka mwenye maficho anatulia haraka kuliko uliyemzibia kila kona. Chakula kona moja, maji kona nyingine, choo mbali na vyote, paka hali karibu na choo.

HATUA YA 4: Choo ni beseni pana la kina kifupi na mchanga mkavu. Toa uchafu kila siku.

HATUA YA 5: Chakula. Siku za mwanzo mpe kilekile alichokuwa anakula kwao hata kama wewe hukipendi, chakula bora utamhamishia taratibu ndani ya wiki, unachanganya kidogo kidogo. Kama hujui alikuwa anakula nini, chemsha kibua au changu bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu (vyote viwili ni sumu kwa paka, vinaharibu damu), toa miiba yote, chambua nyama kwa vidole. Kuku wa kuchemsha asiye na mifupa naye sawa. Mpe kikiwa na uvuguvugu, gusa kwa kidole, kikilingana na joto la mwili wako ndio chenyewe, maana paka anaamua kula kwa pua na chakula cha baridi hakinukii. Weka kidogo, vijiko viwili vya chai, kwenye kisahani cha bapa. Na siri yangu mimi ni uduvi. Nunua uduvi mkavu usio na chumvi, twanga uwe unga, nyunyiza kidogo sana juu. Nimeona paka wa siku mbili bila kula anatoa pua kwenye boksi kwa ajili ya huo unga.

Maziwa ya ng'ombe HAPANA, paka wengi wakubwa yanawaharisha na maji yanaisha mwilini. Ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) HAPANA, chumvi nyingi.

HATUA YA 6: Someni taratibu hapa, maana hapa ndipo nilipokosea mimi.

Paka wangu wa kwanza alikuwa jike wa kijivu, mnene, nililetewa kutoka Newala. Siku ya kwanza hakula nikasema ugeni. Siku ya pili nikamvuta mguu kutoka uvunguni, nikamminyia maziwa mdomoni kwa bomba la sindano, akapaliwa, akakohoa, akakimbilia nyuma ya friji na hakutoka tena. Majirani wakasema mwache huyo, njaa ikimkolea atakula mwenyewe. Nikamwacha. Siku ya tano namgeuza sikio naona ndani pamekuwa pa njano kama pamepakwa manjano ya pilau, ufizi hivyohivyo, mate yanamchuruzika. Bwana mifugo akaniambia ini limejaa mafuta. Baada ya siku mbili akafa mapajani kwangu, juu ya kanga ileile aliyokuja nayo.

Alivyonielewesha ni hivi. Paka asipokula, mwili unachukua mafuta yake wenyewe unayapeleka kwenye ini, na ini la paka halimudu mafuta mengi kwa mpigo, yanajaa humo mpaka linashindwa kazi. Ini likishaugua, hamu ya kula ndio inazidi kupotea. Yaani njaa haimsogezi kwenye sahani, inamtoa kabisa. Na mnene ndiye yuko hatarini zaidi, msidanganyike kwamba ana akiba.

Kwa hiyo hesabu saa, sio siku:
- Kitoto cha paka: nusu siku bila kula, tafuta msaada.
- Mkubwa: saa 24 hajagusa kitu, mpigie daktari wa mifugo. Saa 48, mpeleke, usiulize mtu.
- Manjano machoni, masikioni au kwenye ufizi, anatapika, au dume anajikamua na mkojo hautoki: ondoka naye saa hiyohiyo.

USIMVUTE kwa nguvu. USIMSHINDILIE chakula mdomoni, kinaingia mapafuni, na hicho chakula atakikumbuka kama mateso hatakigusa tena. USIMPE PANADOL, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua, mwili wake hauna uwezo wa kuivunja ile dawa.

HATUA YA 7: Kaa sakafuni humo chumbani, mpe ubavu, usimkodolee macho. Akikutazama, fumba macho taratibu ufumbue. Akifumba na yeye, mmeanza kuelewana.

HATUA YA 8: Akishakula vizuri, dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa (paka pia anaugua). Nje asitoke kabla ya wiki tatu, atarudi kwao au atapotea.

Karibuni maswali.

MASWALI

kibua_mbichi: Nimesoma juujuu, ndefu sana. Kwa kifupi nimpe maziwa?
JIBU: Hatua ya 5, mstari wa mwisho.

mzee_wa_ghala: Mnawadekeza hawa viumbe. Sisi tumekua na paka Tandahimba, hakuna cha uduvi wala kisahani, akisikia njaa anakula.
JIBU: Mzee wangu shikamoo. Paka wa kuzaliwa hapohapo nyumbani hana hofu ya ugeni, huyo kweli atakula mwenyewe. Mimi nasema aliyehamishwa. Nimemzika mmoja kwa maneno hayohayo, sitayarudia kwa mtu mwingine.

mama_tausi: Dada asante sana kwa somo. Wangu ana siku ya tatu, niko Nachingwea. Mchana hagusi kitu ila asubuhi nakuta sahani nyeupe. Sasa sijui anakula yeye au panya, na kama ni yeye itakuwaje aje ale mbele yangu?
JIBU: Swali zuri mama. Funga mlango na dirisha usiku, ziba chini ya mlango kwa kitambaa, halafu angalia choo, akila lazima utaona kinyesi ndani ya siku moja au mbili. Kama ni yeye, usihofu, wengi wanaanza kula usiku nyumba ikinyamaza. Weka chakula muda uleule kila jioni, wewe kaa mbali, mlangoni kabisa, shona au chambua mboga usimjali. Kila siku sogeza sahani nusu hatua kuelekea kwako. Siku akigoma, rudisha ilipokuwa jana usimlazimishe. Wangu wa sasa alichukua siku tisa. Siku ya kwanza kula mbele yangu nilisikia tu ulimi unakwaruza kisahani, kwaru kwaru, nikaogopa hata kupumua.

nungwa_bwoy: Wangu hali siku ya 3 nimempa panadol nusu kwa sababu ana homa, na bado hali
JIBU: Acha kuandika, mpeleke kwa daktari wa mifugo SASA HIVI na umwambie umempa Panadol kiasi gani na saa ngapi. Usisubiri asubuhi. Limeandikwa kwa herufi kubwa pale juu.

bintimikindani: Nina mimba ya miezi minne, mama mkwe anasema paka atoke nyumbani. Nimtupe?
JIBU: Usimtupe mdogo wangu. Kinachoogopwa ni vimelea kwenye kinyesi cha paka, na vikitoka vinachukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo choo kikisafishwa kila siku hatari inashuka sana. Kazi hiyo mpe mumeo. Wewe nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu ukigusa udongo wa bustani, osha mboga, nyama iive kabisa, na paka asipewe nyama mbichi. Waambie pia kliniki una paka. Mama mkwe mweleze kwa upole, hofu yake ina msingi.

fundi_shangani: Nyongeza kwenye choo. Mchanga wa pwani una chumvi, unavuta unyevu, hauishi kunuka. Njooni kwa mafundi seremala mchukue maranda, ila muulize kwanza mbao imepakwa dawa ya mchwa au la.
JIBU: Asante fundi, hilo la dawa ya mchwa sikuliwaza kabisa. Wote mlizingatie.

mzee_wa_ghala: Marahaba. Haya, mimi namtaka wa ghalani, panya wanatoboa magunia ya korosho. Nikimshibisha atakamata kweli?
JIBU: Atakamata mzee wangu, paka anawinda hata akiwa ameshiba, na mwenye njaa anahama. Ila ondoa sumu ya panya kwanza, akila panya aliyekula sumu anaondoka na yeye. Na msimu wa kupulizia mikorosho salfa mfungie ndani, vumbi likimkaa kwenye manyoya atalilamba lote.
mzee_wa_ghala: Sumu ipo nyuma ya magunia. Nitaitoa kwanza ndio nimlete.

mama_tausi: Dada! Jana saa nne usiku kala nikiwa hapohapo, ule unga wa uduvi. Nimwongezee chumba cha pili leo?
JIBU: Hongera mama! Leo bado. Akila mbele yako siku tatu mfululizo na mkia ukiwa juu, acha mlango wazi nusu, atoke mwenyewe. Boksi usiliondoe.