Somo: Kumwandaa kijana mwenye ulemavu wa akili kabla hajamaliza shule

Walimu wenzangu na wazazi, habari za kazi. Mwaka wangu wa kwanza katika kitengo cha ulemavu wa akili nilikuwa na kijana aliyezijua noti kuliko wenzake wote. Noti zenyewe tulizichora kwenye manila. Siku moja kwao wakamtuma sukari, wakampa elfu kumi. Akaiweka mezani, akabeba sukari, akaondoka. Chenji ikabaki dukani. Mama yake hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mwalimu, huwa mnajifunza nini?" Tangu siku ile nafundisha hivi.

Hatua ya 1: Anza akiwa na miaka 13 au 14. Mwaka wa mwisho umechelewa. Kaa na mzazi na mtoto mwenyewe, muulizane: Jumatatu ya kwanza baada ya kumaliza shule, saa mbili asubuhi atakuwa anafanya nini? Kisha nenda nyumbani ukaone anachofanya peke yake na anachofanyiwa. Mara nyingi "hawezi" ya mzazi maana yake ni kwamba hajawahi kuachiwa.

Hatua ya 2: Kata kazi vipande. Kazi ya kufua shati mimi naigawa vipande tisa, kuanzia kuchota maji hadi kuanika. Wengi nawaanzishia mwishoni: nafua mimi, yeye anaanika. Akishaweza, anakamua na kuanika, tunarudi nyuma hivyo hivyo. Uzuri wake ni kwamba kila siku kazi inaishia mikononi mwake, naye anaona shati kwenye kamba. Msaada nao upungue: kwanza mshike mkono, baadaye mguse kiwiko, baadaye onyesha kwa kidole, mwisho nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo walimu tunaposhindwa.

Hatua ya 3: Pesa ya kweli, duka la kweli. Watoto wetu wengi hawahamishi walichojifunza darasani kukipeleka mtaani. Kila mahali kwao ni somo jipya. Asiyesoma tarakimu atambue picha: elfu moja ina Mwalimu Nyerere, elfu mbili ina simba, elfu tano kifaru, elfu kumi tembo. Asiyeweza kujumlisha afundishwe mwendo mmoja tu: toa noti, nyoosha mkono, subiri. Ongea na mwenye duka mapema, bei amwambie mtoto mwenyewe, asimgeukie mwalimu.

Hatua ya 4: Njia. Panda naye daladala. Wiki inayofuata kaa viti vya nyuma kama humjui. Halafu mwache apande peke yake, wewe msubiri kituoni. Mfukoni awe na kadi yenye jina lake na namba ya simu ya nyumbani.

Hatua ya 5: Mwili wake. Hapa wazazi huona haya, nami nasema bila kuficha. Tumewafundisha watoto hawa kumtii kila mtu mzima, na mtu mbaya analijua hilo. Wajue majina ya viungo vyao, wasichana wajue hedhi na kubadili pedi, wote wafanye zoezi la kusema "sitaki" kwa sauti kubwa, hata kwa mwalimu. Simu ya kuomba msaada kwa ajili ya mtoto ni 116, haitozwi.

Hatua ya 6: Kazi. Mjaribishe sehemu tatu, wiki mbili mbili, kati ya hizi: bustani, banda la kuku, kwa mama lishe, kwa fundi. Atakapokwenda bila kusukumwa ndipo pake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Ijueni, lakini msikae kuisubiri; vijana wangu wengi walipokelewa na jirani mwenye biashara ndogo. Kwa ufundi, ulizeni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu cha Yombo, Dar es Salaam. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; katika hiyo 10, 2 ni ya watu wenye ulemavu. Masharti mtayapata kwa afisa maendeleo ya jamii.

Hatua ya 7: Karatasi. Cheti cha kuzaliwa sasa hivi, kitambulisho cha taifa (NIDA) akitimiza miaka 18. Bila namba ya NIDA hata laini ya simu hasajili kwa jina lake.

MASWALI

Mzazi, Tanga: Wangu ana miaka 17 na hasemi kabisa. Nimechelewa?
Jibu: Hujachelewa. Anza na kuchagua. Weka kikombe cha chai na cha uji, subiri aguse, mpe alichogusa hata kama umeona amekosea. Baadaye tumia picha badala ya vikombe.

Mwalimu, Dodoma: Nina watoto 24, niko peke yangu. Nitatokaje nao?
Jibu: Usitoke na wote. Toka na watatu, mwalimu wa darasa jingine akukalie na waliobaki bustanini. Ikishindikana, fungueni genge la mandazi hapo shuleni, wauze wao wakati wa mapumziko. Hasara ya wiki za kwanza iwekeni kwenye bajeti, itakuwepo.

Mzazi, Morogoro: Wenye duka wakimpunja?
Jibu: Watampunja. Hata mimi sokoni napunjwa. Mtume na pesa ndogo, kwenye duka lile lile, wamzoee.

Mama, Kigoma: Mawifi wanasema namtesa mtoto mgonjwa kwa kumfulisha.
Jibu: Pole, mama. Usibishane nao. Wakija, yeye ndiye azungushe maji ya kunawa kabla ya chakula, aanze na babu yake. Mzoeshe wiki nzima kabla hawajafika, na birika lijazwe nusu tu, likijaa linamshinda.