Makala ya utafiti ikikudai dola, bonyeza matoleo yake mengine

Kwa wanaoandika tasnifu Mlimani, Muhimbili na kwingineko: ukurasa wa jarida ukikudai dola 30 au 40, usiazime kadi ya mtu. Nakili kichwa kizima cha makala, kibandike Google Scholar (kitafutio cha Google cha makala za kitaaluma) ndani ya alama za kunukuu, kisha tazama ule mstari mdogo chini ya tokeo. Kuna idadi ya matoleo, bonyeza hapo, utafute lenye PDF, hasa anwani ikiwa ya chuo (.edu, .ac.uk, .ac.tz). Si wizi. Majarida mengi humruhusu mwandishi kuweka rasimu iliyokwisha kupitiwa kwenye hazina ya chuo chake (tovuti ya chuo inayohifadhi kazi za watafiti wake), na wapo wafadhili wanaomlazimisha kabisa.

Angalia kurasa. Rasimu huanza ukurasa wa 1 wakati jaridani makala inaanzia, tuseme, 211. Ukinukuu namba za rasimu, msimamizi atakurudishia kazi. Na kama nakala imetoka arXiv au medRxiv, tovuti ambako watafiti huweka rasimu zao wenyewe, huenda haijapitiwa na wataalamu: linganisha idadi ya washiriki na matokeo makuu na ikisiri ya jarida, ambayo kwa kawaida ni bure.

Njia hii hukwama kwa makala mpya, kwa sababu wachapishaji wengi huizuia nakala ya hazina kwa miezi 6 hadi 24. Hukwama pia kwa sura za vitabu. Hapo mwandikie mwandishi mwenyewe, mistari miwili tu. Barua pepe yake mara nyingi iko chini ya jina lake, palepale kwenye ikisiri.