Shairi la kwanza la mtoto: anzia sikioni

Nafundisha darasa la tatu huku Igogo, Mwanza. Mwaka wangu wa kwanza nilianzia ubaoni: "Mizani ni…" (idadi ya silabi katika mstari), "Vina ni…" (silabi za mwisho zinazofanana). Watoto walinakili, wakakariri, wakajibu mtihani vizuri, lakini hakuna hata mmoja aliyetunga mstari. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Tega kitendawili

Madaftari yabaki mkobani. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu kubwa haina mlango." Wakijibu "Yai!", usikimbilie kingine. Waulize: yai na nyumba vinafanana wapi? Hapo mtoto anaanza kuona kitu kimoja ndani ya kingine, na bila hilo hakuna shairi.

Kisha watege vyao, vya mambo wanayoyaona. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani, na kutoka vilimani kwetu zinaonekana kama mji. Binti mmoja akatega: "Mji wangu hulala mchana." Nilinyamaza kwa muda. Sikuwahi kuzitazama zile taa hivyo.

Hatua ya 2: Mizani kwa makofi

Kila silabi kofi moja. Anzeni na majina yao, halafu samaki: sa-to, mawili, sa-nga-ra, matatu, da-ga-a, matatu pia, maana ile "a" ya mwisho ina kofi lake. Shairi la kimapokeo tulilolizoea lina mizani 16 kila mshororo, yaani kila mstari, 8 na 8. Kwa watoto hawa kipande kimoja cha 8 kinatosha. Kaeni hapa hata wiki mbili. Mtoto asiyesikia mizani atabaki kuhesabu kwa vidole tu.

Hatua ya 3: Wape mstari, wajibu kwa mstari wenye kina kilekile

Niliwapa: "Dagaa wameanikwa." Mvulana mmoja akarukia: "Mchangani wametandikwa!" Kina kimekubali. Akapiga makofi 8, akaridhika. Nikamwomba arudie polepole: m-cha-nga-ni… Kumbe ile "m" alikuwa ameimeza. Katika "mchanga" inasimama peke yake, ina kofi lake, wakati katika "Mwaloni", pale wavuvi wanaposhusha samaki, imeshikamana na "w": mwa-lo-ni. Basi mizani ni 9.

Usimsahihishie. Darasa zima lilihangaika kutafuta cha kupunguza, mpaka mwenyewe akapata:

*Dagaa wameanikwa,*
*Mchangani watandikwa.*

Ubeti wa mishororo miwili, tathnia kamili. Jina hilo nilimpa baada ya kutunga, na hajalisahau.

Hatua ya 4: Sasa waandike

Kalamu nyekundu iweke mbali. Tahajia ina siku yake. Neno la Kisukuma au Kikerewe likijitokeza, liache, mwambie awaeleze wenzake maana yake.

Hatua ya 5: Waghani

Shairi lisiishie daftarini. Tokeni nje kivulini, kila mmoja aghani lake, wenzake waitikie mshororo wa mwisho. Mtoto mwoga usimlazimishe kusimama peke yake. Mpe mwenzake wajibizane kama ngonjera: mmoja mvuvi, mwingine sato anayekataa kuingia wavuni.