Jinsi ya kusimamia mdahalo wa bunduki usigeuke kelele

Mimi ni mlezi wa klabu ya midahalo katika shule moja ya upili huku Eastlands, Nairobi, na hakosekani mwanafunzi wa kuniletea hoja hii: sheria kali za bunduki hupunguza mauaji. Mimi huikubali. Ila siipeleki ukumbini ikiwa mbichi hivyo, na wewe mwalimu mwenzangu usithubutu. Upande mmoja utataja Marekani, wa pili utataja Marekani, na kipindi kitakwisha watoto wakirushiana nchi ambayo hakuna hata mmoja wao ameikanyaga.

Anza kwa kuikata hoja. Mimi huandika ubaoni: sheria ipi, ya bunduki ipi, dhidi ya kifo kipi? Kumtaka mnunuzi awe na kibali ni jambo moja, kupiga marufuku aina fulani ya bunduki ni jingine, kulazimisha watu wazifungie kabatini watoto wasizifikie ni jingine kabisa. Na vifo pia si vya namna moja. Kule Marekani, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki ni watu waliojiua wenyewe. Asiyelijua hilo atasoma jumla yote kana kwamba ni kazi ya majambazi, na mpinzani mwerevu atamvua nguo mbele ya Kidato cha Kwanza.

Kisha gawa mifano mapema, na usiupendelee upande unaoupenda. Wapendekezaji wape Australia: Aprili 1996 mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, na serikali ikakaza sheria na kununua kutoka kwa raia bunduki zipatazo 650,000. Wapingaji nao wajue kwamba vifo vya bunduki nchini humo vilikuwa vikishuka hata kabla ya mwaka huo, na watafiti bado wanavutana ni kiasi gani cha mteremko kihesabiwe kuwa cha sheria.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa majimbo mawili ya Marekani yaliyokwenda njia tofauti. Connecticut ilianza kudai kibali kwa wanunuzi wa bastola mwaka 1995. Missouri, iliyokuwa na sharti kama hilo, ikalifuta 2007. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikuta mauaji ya bunduki yalipungua Connecticut na kuongezeka Missouri. Mpingaji akiuliza ni nini kingine kilibadilika miaka hiyo, mpe alama. Hilo ndilo swali lenyewe.

Wapingaji hupenda sana Chicago: sheria kali, maiti nyingi. Usiwazuie, lakini hakikisha wapendekezaji wamesoma ripoti ya jiji hilo ya 2017, iliyoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya bunduki zilizonaswa katika uhalifu zilitoka nje ya jimbo la Illinois, jirani Indiana akiongoza. Hapa ukumbi huamka, kwa sababu mtoto wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa maana ya mpaka unaovuja.

Basi rudi nyumbani, na utumie muda mrefu hapa kuliko popote. Katiba yetu haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inaifanya kuwa kibali ambacho unaweza kunyimwa. Sasa weka mezani makadirio ya 2017 ya Small Arms Survey, shirika la kutafiti silaha ndogo duniani: raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa zilizidi 8,000 kidogo tu. Wapingaji watapiga meza: sheria imeshindwa! Wapendekezaji wajibu kwamba sheria haijafika kule bunduki ziliko, na watakuwa na Itifaki ya Nairobi ya 2004 ya kuegemea, ambayo nchi za ukanda huu zilitia saini papa hapa mjini zikiahidi kudhibiti silaha ndogo kwa pamoja. Mwaka 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto kule Ngong mbele ya kamera. Waulize wote wawili: ule moto ulipunguza nini? Mimi nina shaka zangu, lakini mwenyekiti hana kura.

Westgate italetwa, hilo usitilie shaka. Septemba 2013, magaidi walivamia jumba hilo la maduka jijini Nairobi, watu 67 wakauawa, na miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa wengine walikuwamo raia wenye bastola za leseni. Ni hoja nzito ya upande wa bunduki na haifai kubezwa. Ila kabla ya siku ya mdahalo, uliza faraghani kama yuko mwanafunzi aliyefiwa.

Na yuko atakayesimama nyuma kabisa aseme: jirani yetu aliuawa na polisi, halafu akawekewa bonoko, yaani bunduki bandia, mkononi. Usimzime. Naona walimu wengi humkalisha kwa kisingizio cha kutoka nje ya mada, na hapo ndipo ukumbi mzima huacha kuwaamini. Muulize anazungumzia sheria ipi. Askari hahitaji leseni ya Sura ya 114; matumizi ya bunduki yake yanaongozwa na Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, na vifo vinavyotokana nayo huchunguzwa na IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Akiyajua hayo, kilio chake kimekuwa hoja, na pande zote mbili italazimu ziijibu.

Kanuni za ukumbini ni fupi. Dakika nne kwa msemaji. Takwimu isiyo na nchi na mwaka haihesabiwi, na akilinganisha nchi mbili atoe kiwango kwa kila watu laki moja, la sivyo Marekani itashinda kila mara kwa ukubwa wake tu. Maneno "tafiti zinaonyesha" yana faini ya alama moja.

Kura ipigwe mara mbili, kabla na baada, na mshindi awe upande uliovuta watu, si uliokuwa na watu wengi tangu mwanzo. Maliza kufikia saa kumi. Ikifika saa kumi na moja matatu za Komarock zimeshapandisha nauli, na wazazi watakupigia simu wewe, si spika.