Je, almasi uliyonunua ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti?

Anza na namba ya cheti. Iingize kwenye tovuti ya maabara iliyokitoa, kwa mfano GIA (taasisi ya Marekani ya kupima vito), ukiiandika anwani mwenyewe. Usiskani msimbo wa QR uliochapwa kwenye karatasi, maana anayeghushi cheti hashindwi kughushi tovuti.

Kisha nenda kwa sonara, hata wa hapo katikati ya Kampala, mwenye lenzi ya kukuza mara 10. Jiwe lisafishwe kwanza, mafuta ya vidole huficha mengi. Lizungushe polepole chini ya taa ukitazama ukingo wake mwembamba wa katikati: kama cheti kinataja mchoro wa leza, namba itaonekana hapo, ndogo ndogo kama vumbi lililopangwa. Kwenye pete, kucha za dhahabu zinazoshika jiwe zaweza kuifunika.

Namba kufanana hakutoshi. Wapo wanaochora namba ya almasi halisi kwenye jiwe lingine, kwa hiyo pima. Almasi ya duara ya karati 1 (gramu 0.2) huwa na kipenyo cha karibu milimita 6.5, linganisha na vipimo vya cheti hadi sehemu ya mia ya milimita. Uzito hupimwa jiwe likiwa nje ya pete. Mwisho tafuta dosari za ndani palepale mchoro wa cheti unapozionyesha.

Kalamu ya kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto isikudanganye: almasi iliyotengenezwa maabara hufaulu kipimo hicho, na moisanaiti (jiwe linalofanana na almasi) mara nyingi pia.