Goti lililoshonwa meniskasi: namna ya kulitunza miezi sita ya kwanza

Kabla ya zoezi lolote, soma karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitali ujue ulifanyiwa nini hasa: meniskasi, ile gegedu ya ndani ya goti, imeshonwa, au imepunguzwa? Aliyepunguzwa, yaani kipande kilichochanika kikakatwa na kutolewa, kwa kawaida hukanyaga mapema sana, na wengi hurudi kwenye shughuli zao ndani ya wiki sita. Aliyeshonwa anahitaji miezi minne hadi sita, wengine zaidi. Jirani anayekuambia alitupa magongo baada ya wiki moja, karibu kila mara huyo alipunguzwa. Mpe pole, usimfuate.

Meniskasi ni vipande viwili vya gegedu vilivyokaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Damu hufika ukingo wa nje tu, ndiyo maana mshono huchukua muda mrefu kushika. Maumivu hayasubiri hivyo. Wiki ya tatu goti linaweza kuwa limetulia kabisa huku mshono ungali mbichi, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu kazi ya daktari. Kinachoukata mshono zaidi ni kukunja goti kupita digrii 90, hasa ukiwa umeegemeza uzito juu yake. Mfupa wa paja hurudi nyuma na kuibana pembe ya nyuma ya meniskasi, sehemu ambayo mara nyingi ndiyo iliyochanika. Kutembea goti likiwa limenyooka ndani ya bresi, yaani kifaa kinachofungwa mguuni kuzuia goti lisikunjike, hakuna hatari inayofanana na kuchuchumaa mara moja.

Kwa hiyo anza na choo, tena kabla ya siku ya upasuaji. Nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zina choo cha kuchuchumaa, na hicho usikitumie kwa angalau miezi minne. Mwambie fundi seremala akutengenezee kiti cha mbao chenye tundu katikati, kimo cha sentimita 45 hadi 50, miguu iliyotanuka kidogo, nacho kikae juu ya shimo. Vitako vya miguu yake avigongee vipande vya mpira wa tairi. Kiti cha plastiki kilichotobolewa ni rahisi zaidi, lakini kwenye sementi yenye maji huteleza na miguu yake hupinda. Ndoo ya kukalia ni fupi mno. Kigoda cha jikoni nacho kinaingia kundi hilohilo: ukikikalia goti linapita digrii 90, kwa hiyo anayepika mafigani akae kwenye kiti cha kawaida au amwachie mwingine moto. Anayeswali aswali ameketi kitini, na kanisani usipige magoti.

Wiki sita za kwanza

Bresi inafungwa ikiwa imenyooka unapotembea na unapolala. Usiku usiivue. Juni na Julai baridi ya Makete na Njombe humfanya mtu ajikunyate akiwa usingizini, na goti hujikunja bila wewe kujua. Ongeza blanketi, usipunguze bresi.

Uzito gani uwekwe mguuni, daktari aliyekushona ndiye anayesema, kwa sababu inategemea aina ya mpasuko. Mpasuko wa urefu mara nyingi huruhusiwa kukanyaga kidogo. Uliokata kwa upana au uliong'oa mzizi wa meniskasi, yaani pale inaposhikamana na mfupa, mara nyingi hukanyagi kabisa kwa wiki sita. Ukiambiwa "robo ya uzito" usikisie. Tafuta mizani ya kupimia watu, weka pembeni yake tofali au ubao wa kimo kilekile kwa ajili ya mguu mzima, shika magongo, kisha kanyaga mizani taratibu hadi ionyeshe robo. Mtu wa kilo 60 anatafuta 15. Rudia mpaka mguu uzoee, maana wengi wakipima mara ya kwanza hukuta wanakanyaga zaidi ya walivyodhani.

Magongo ya kwapani yasiguse kwapa. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu, kiwiko kikunjike kidogo, uzito ubebwe na viganja. Vidole vya mkono vikianza kufa ganzi, gongo ni refu au unaliegemea. Kagua mipira ya chini kila wiki. Ikilika upande mmoja badilisha, hasa masika, maana udongo wa Rungwe ukilowa hausamehe. Kwenye ngazi na mteremko mkali, kupanda hutangulia mguu mzima. Kushuka hutangulia magongo pamoja na mguu ulioshonwa.

Mazoezi ya kipindi hiki ni machache na yanaonekana ya kitoto. Yafanye hivyohivyo. La kwanza, kaa kitandani mguu umenyooka, kaza misuli ya paja la mbele kana kwamba unaikandamiza nyuma ya goti kwenye godoro, shikilia sekunde tano, mara kumi, na urudie kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho. Uvimbe huizima misuli hii haraka sana. Tazama nyama ya ndani juu kidogo ya pia ya goti. Isipotuna, bado hujaikaza. La pili, weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, goti libaki hewani lishuke lenyewe, dakika kumi mara tatu kwa siku. Mto chini ya goti ni kosa tunalolikuta zaidi kuliko yote, kwa kuwa unaleta raha. Goti likizoea kukunjika hivyo halinyooki tena sawasawa, na mtu hubaki anachechemea hata mshono ukishapona. La tatu, kukunja hadi digrii 90 tu. Keti sakafuni, pitisha kanga kwenye unyayo, uvute kisigino kwa mikono. Mikono ndiyo ivute, si misuli ya nyuma ya paja, kwa kuwa mmoja wa misuli hiyo umeshikamana na meniskasi ya ndani na unaweza kuuvuta mshono. Mpimo rahisi: ukiketi kwenye kiti cha kawaida unyayo ukiwa sakafuni na muundi wima, hapo ni kama digrii 90. Chora alama ya chaki sakafuni kisigino kinapofika, usiivuke. La nne, chezesha kifundo cha mguu juu na chini mara nyingi uwezavyo, damu isilale.

Inua mguu wote ukiwa umenyooka mara unapoweza kuuinua bila goti kulegea. Likilegea hata kidogo, rudi kwenye zoezi la kwanza.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Mwenye kukuletea maji ya moto na majani ya kukanda mshukuru na umkatalie. Joto siku za mwanzo huongeza uvimbe, maji huingia kwenye vidonda, na kuchua shavu la mguu lenye damu iliyoganda kunaweza kuipeleka damu hiyo kwenye mapafu.

Safari ya kurudi ni jambo la kupanga mapema kwa waliopasuliwa Dar es Salaam. Basi hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Omba daktari akwambie usafiri lini na kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, chukua kiti cha upande wa njia ili unyooshe mguu, kunywa maji, na shuka kila linaposimama. Bodaboda usipande. Kwenye bajaji kaa upande, mguu ukiwa umelala juu ya kiti.

Wiki ya sita hadi ya kumi na mbili

Daktari akiruhusu, bresi inafunguliwa na magongo yanapunguzwa: kwanza gongo moja, mkono wa upande wa mguu mzima, kisha hakuna. Kigezo si tarehe, ni mwendo. Ukichechemea, rudisha gongo.

Baiskeli inafaa sana, na milima yetu haiizuii. Baiskeli ya zamani yenye stendi ya miguu miwili hunyanyua gurudumu la nyuma juu. Iegemeze ukutani, inua siti hadi mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini, piga pedali dakika tano, uongeze polepole hadi ishirini. Ongeza kuinuka kwa vidole, kusimama kwa mguu mmoja, kushuka kidogo mgongo ukiwa ukutani usizidi digrii 45, baadaye 60, na kupanda kidaraja cha sentimita 10. Misuli ya nyuma ya paja inaanza kazi taratibu hapa, kwa ruhusa.

Kila jioni pima uvimbe. Lala chali, sukuma kwa kiganja upande wa ndani wa goti kuelekea juu mara mbili, kisha shusha kiganja upande wa nje. Kijiuvimbe kikitokea ghafla upande wa ndani, kuna maji. Yakizidi ya jana, kesho fanya nusu ya mazoezi.

Mwezi wa nne na kuendelea

Mteremko unalichosha goti kuliko mwinuko, kwa hiyo anayekaa mlimani apande kwa miguu na kushuka kwa gari kwa muda. Kukimbia huanza karibu mwezi wa nne, kwenye uwanja tambarare, goti likiwa halivimbi na linanyooka lote. Mpira wa miguu si kabla ya mwezi wa sita, na ruka kwa mguu mmoja kwanza: umbali ufike angalau asilimia 90 ya mguu mwingine. Kama na ACL, yaani kano ya ndani ya goti inayounganisha mfupa wa paja na muundi, ilitengenezwa, hesabu ni miezi tisa au zaidi. Kupalilia umechuchumaa na kuvuna viazi viwe vya mwisho kurudi.

Rudi hospitali bila kungoja miadi ukipata homa au usaha kidondani, goti likikwama lisikunjike wala kunyooka, au shavu la mguu likivimba na kuuma. Pumzi ikikata au kifua kikiuma, ni saa hiyohiyo.

Nauli ikiwa ya shida, kwa mtu wa Ludewa au Makete, safari za kulinda ni ya siku 10 hadi 14 ya kutoa nyuzi, ya wiki ya sita, na ya mwezi wa tatu au wa nne kabla ya kukimbia. Nenda na karatasi ya upasuaji, magongo na bresi, na uvae kaptula ndani ya suruali.