Shelfu za trela ukiwa ng'ambo: dai picha ya mbavu kwanza

Mdogo wangu hupikia watu harusi na matanga kule Eastlands, Nairobi. Trela yake ni ndogo, futi tano kwa nane, imezibwa pande zote, na hubeba sufuria, sahani na mitungi ya gesi. Shelfu za kwanza nilimlipia nikiwa Minneapolis. Nikatumiwa picha: plaiwudi inang'aa vanishi, kona zimenyooka, fundi kando ameinua kidole gumba. Wiki mbili baadaye, kwenye matuta ya Umoja, shelfu ya juu ilishuka na sahani zote. Simu iliingia saa tisa usiku kwangu, saa tano asubuhi kwake. "Kaka, zile shelfu zimekuja chini."

Kosa lilikuwa langu pia. Niliangalia vanishi, sikuuliza skurubu zimeshika wapi.

Trela ya aina hii ina mbavu za chuma, na juu ya mbavu kuna ngozi ya bati. Ngozi ni ya kuzuia mvua na mikono ya watu, haibebi kitu. Fundi wetu alikuwa amepiga skurubu fupi kwenye ngozi tu, na kila tuta lilikuwa likipanua matundu kidogo kidogo. Kwa trela za Marekani mbavu huwa zimepangwa kila inchi 16 au 24, kwa hiyo ukiipata moja, nyingine utazikisia. Iliyochomelewa Nairobi haina kanuni hiyo. Mbavu ziko pale fundi alipoona zinafaa. Kama ngozi ni ya alumini, pitisha sumaku ukutani: itanasa penye ubavu. Kama ni bati la chuma, sumaku itanasa kila mahali na haitakusaidia, basi fuata mstari wa riveti au gonga kwa kifundo cha kidole usikilize sauti inapobadilika.

Kwa hiyo picha ya kwanza ya kudai si ya shelfu. Ni ya ukuta mtupu, mbavu zimechorwa kwa chaki, na tepu imewekwa ili usome umbali kati yake. Ya pili ni ya fremu ya engo, yaani chuma chenye umbo la L, inchi moja na nusu, ikiwa imefungwa kwa boliti kwenye hizo mbavu kabla ubao haujawekwa. Mwambie fundi wazi kwamba ubao usipande hadi useme sawa. Atakwambia, "Bosi, hiyo itashika, usijali." Mjibu kwa heshima, na usubiri picha. Kama atachomelea badala ya kufunga boliti, sehemu zilizoungua zipakwe redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, la sivyo kutu itaanzia hapo hapo.

Kuhusu ubao, chipubodi ikatae kabisa. Ikilowa inavimba kama mandazi. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha kwa vyombo vyepesi ikiwa nguzo za fremu hazijaachana zaidi ya futi mbili. Ya milimita 18 ni imara zaidi, lakini karatasi moja ya futi nane kwa nne inakaribia kilo 30, na uzito huo unaubeba hata siku ambayo trela ni tupu. Upana wa sentimita 40 unafaa. Ukiweka shelfu pande zote mbili, trela ya futi tano inakuachia njia ya kama sentimita 70, mtu anapita na kreti. Mbele ya kila shelfu pawe na ukingo wa sentimita tano, na mkanda wa kufungia juu yake.

Sufuria kubwa zikae chini sakafuni, karibu na ekseli, nyingi zikiwa mbele yake kidogo kuliko nyuma. Uzito ukizidi nyuma, trela itaanza kutikisa mkia Thika Road na dereva atajuta. Mitungi ya gesi isimame wima, ifungwe, na ukuta uwe na matundu ya hewa chini kabisa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya sakafuni. Matundu ya juu peke yake hayasaidii.

Pesa za vifaa nililipa moja kwa moja kwenye till (namba ya malipo kwa simu) ya duka la hadiwea, nikitumiwa risiti. Fundi nilimpa nusu ya ufundi fremu iliposimama. Salio lilingoja mdogo wangu ajaze trela, aizungushe juu ya matuta yale yale ya Umoja, afungue mlango wa nyuma akiwa kwenye video. Sahani zilikuwa mahali pake. Kifuniko kimoja tu cha sufuria kilikuwa kimeanguka, na hicho hakikuwa kimefungwa.